Sifa ya Kijibwa

Lipo katika Kiingereza neno moja la sifa ambalo wasomi wetu wamelipokea kwa mikono miwili bila ya kulipekua. Neno lenyewe ni "feisty". Hutumiwa kwa mtu mwenye ari, asiyekubali kuonewa, mwepesi wa kujibu na mgumu wa kunyamazishwa. Wanafunzi wangu wa fasiri hulikuta katika vitabu vya tarehe na wasifu wa watu wetu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na aghalabu huligeuza kuwa "shupavu", au "jasiri", au "machachari", kisha huendelea na sentensi inayofuata kama watu waliokwisha kulipa deni. Nakusudia katika kurasa hizi kuonyesha kuwa deni halijalipwa. Kuwa neno hilo si sifa timamu. Na kuwa kulifasiri "shupavu" ni kusema uongo mara mbili, kwanza juu ya mwandishi, na pili juu ya mtu aliyeandikwa.

Ugomvi huu ulianza darasani. Mwanafunzi mmoja alileta fasiri ya ukurasa wa Kiingereza uliomhusu Bibi Titi Mohamed. Mwandishi wa ukurasa ule, katika kumtambulisha, alimpa sifa hiyo kabla hajampa jina. Mwanafunzi aliandika: "mwanamke machachari wa Dar es Salaam". Darasa likacheka. Nikawauliza wanacheka nini, wasiweze kusema. Mwingine akapendekeza "shupavu", kicheko kikakoma, na kila mtu akaridhika isipokuwa mimi. Maana niliona kwamba kile kicheko kilijua jambo ambalo "shupavu" lililifunika. Nilipowaeleza wenzangu wanaofundisha somo hilo, niliambiwa kuwa nakuza neno dogo. Wenzangu hao ni watu wa elimu, na urafiki wetu haujapungua. Lakini hoja zao sina budi kuzijibu, kwa kuwa zinafundishwa.

Nitaanza na nasaba ya neno, ingawa hoja yangu haisimami juu ya nasaba. Waingereza wa zamani walikuwa na kitenzi cha kutoa upepo wa tumbo. Kiswahili, ambacho katika mambo haya kina usahihi kuliko lugha nyingi, hupambanua kujamba na kushuta. Na kitenzi kile cha Kiingereza ni ndugu wa hiki cha pili, kile cha kimya. Katika karne ya 16 mbwa koko mwenye kunuka aliitwa kwa jina la tendo hilo. Kamusi moja ya misimu iliyochapwa London mwaka 1811 ilieleza maana ya upepo huo, ikaongeza kwa mzaha kwamba mabibi vikongwe walikuwa na desturi ya kuvisingizia vijibwa vyao vya mapajani. Bibi, kijibwa na kicheko: wote watatu walikwisha kukutana hapo, miaka 85 kabla ya sifa yenyewe kuonekana katika maandishi.

Ng'ambo ya bahari, katika majimbo ya kusini ya Marekani, jina lile lilifupishwa likawa "feist" au "fice", yaani mbwa mdogo asiye na ukoo, mwepesi wa kubweka, hodari wa kuwinda kindi. George Washington alimtaja mbwa wa sura hiyo katika shajara yake ya mwaka 1770. Kutoka jina la mbwa ndipo kilipotoka kivumishi, mnamo mwaka 1896. Kwa hiyo Madan, aliyechapisha kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, hana lawama kwetu: neno lilikuwa bado halijamfikia. Lawama ni yetu sisi tuliokuja nyuma yake.

Anayetaka kuona picha iliyolala ndani ya neno na aisome hadithi ya dubu iliyomo katika kitabu cha William Faulkner kiitwacho Go Down, Moses, cha mwaka 1942. Humo kijibwa cha aina hiyo kinamvamia dubu mkubwa kuliko wote wa msituni, dubu ambaye wawindaji wamemwinda miaka mingi. Kijana mwenye bunduki, badala ya kumpiga dubu, anaitupa silaha yake chini na kukimbia kukinyakua kijibwa kisije kikauawa. Hakuna anayeshuku ushujaa wa kijibwa. Lakini ushujaa wake hauna uzito, haumdhuru dubu, na yupo mkubwa wa kumbeba asiumie. Huyo mkubwa ndiye asemaye neno. Anapenda, anastaajabu, anatabasamu, wala haogopi.

Sasa wenzangu watasema: asili ya neno si maana yake. Nakubali bila ya shuruti. Angekuwa mpumbavu yule ambaye angelihukumu kila neno kwa tumbo lililolizaa. Tunalo letu wenyewe la kututosha kwa mfano. "Jeuri" tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni dhuluma ya mwenye nguvu juu ya mnyonge. Kamusi zetu za zamani nazo zililifasiri kwa maana ya uonevu na udhalimu. Leo nani huitwa jeuri? Mtoto anayemjibu baba, mtumishi anayemwuliza bwana mshahara wake, mke asiyeinamisha kichwa. Jina la kosa la mwonevu limehamia kwa mtu asiyekubali kuonewa! Ningependa siku moja mwanafunzi aandike tasnifu nzima juu ya safari hiyo. Basi asili si hukumu. Hukumu ni matumizi, na kwa matumizi ndipo napotaka neno la Kiingereza lishtakiwe.

Kipimo ni chepesi. Waulizwe wenye lugha: je, jemadari mwenye majeshi huitwa "feisty"? Jaji mkuu je? Simba je? Huitwa hivyo ajuza wa miaka 90 anayegombana na daktari wake, huitwa hivyo msichana mwembamba mwenye ulimi, huitwa hivyo chama kidogo chenye wabunge wawili, nchi ndogo inayobishana na kubwa, mcheza masumbwi wa uzito mwepesi. Kila mahali pana ufupi, au uzee, au uchache, au uanamke. Na kila mahali ushupavu unasifiwa kwa sababu haukutazamiwa. Mtu ambaye ushupavu ni haki yake hapewi neno hili. Mwenye kusifiwa kwalo ameambiwa, kabla ya yote, kuwa ni mdogo.

Msomi mmoja alinijia na jina la Harry Truman, Rais wa Marekani tangu mwaka 1945 hadi 1953, ambaye waandishi wa kwao wamezoea kumpa sifa hiyo. Je, si mwanamume, tena mwenye mamlaka makubwa kuliko watu wote wa zama zake? Ni kweli, na nilimshukuru kwa mfano, kwa maana unanisaidia mimi. Truman alikuwa mtu wa Missouri aliyewahi kuuza nguo dukani akafilisika, na kiti alichokikalia kilikuwa cha Franklin Roosevelt. Watu walimwona mdogo katika kiti kikubwa. Sifa haikumpima kwa mamlaka yake, ilimpima kwa kiti. Hao waliomsifu kwalo hawakumpa mtangulizi wake.

Hapa ndipo napofika kwenye kiini cha jambo, nacho ni cha sarufi. Kiswahili kinayo njia ya kusema lile ambalo "feisty" husema, ila njia hiyo haimo katika vivumishi. Imo katika ngeli. Tazama: tukisema "kiongozi mkali anasema", KI ya kiongozi haimdunishi mtu, kwani upatanisho umemrudishia utu wake: mkali, anasema. Ndivyo tunavyomfanyia kijana, na kipofu, na kiziwi. Lakini tukisema "kijitu kile kikali kinasema", au "kizee kile kikali kinasema", utu umeondolewa kila mahali: katika jina, katika kivumishi, katika kitenzi. Ukali umebaki, mwenye ukali amepunguzwa akawa kama kijiko au kikapu. Hakuna Mswahili asiyesikia dharau katika sentensi hiyo. Hata ikitiwa mapenzi, kama bibi asemavyo juu ya mjukuu, "kale kamtoto kakali kweli", mapenzi yenyewe ni ya kutoka juu kwenda chini.

Hiyo ndiyo maana ya "feisty". Ni KI iliyovaa kilemba cha sifa. Mwingereza amelificha ndani ya kivumishi kimoja kizuri lile ambalo sisi, tukitaka kulisema, hatuna budi kulitangaza katika kila neno la sentensi. Lugha yake humruhusu kupunguza mtu na kumsifu kwa pumzi moja. Yetu hutulazimisha kuchagua. Na mfasiri anayeliandika "shupavu" amekwepa kuchagua. Ameichukua dharau ya mwandishi akaifua, akaianika, akaipiga pasi, akampelekea msomaji kama heshima.

Litazame na neno "shupavu" lenyewe, tuone ni dhuluma kiasi gani kulitwisha kazi hii. Latokana na kushupaa, yaani kukakamaa, kuwa kigumu kama ngozi iliyokauka. Mtu shupavu hapindiki. Hatujaambiwa ukubwa wake wala hatuuhitaji. Mlima ni shupavu na msumari ni shupavu. Jasiri ni yule anayeiendea hatari akiijua. Shujaa ni yule ambaye tendo limekwisha kumshuhudia. Hodari aweza kazi. Hakuna hata moja kati ya maneno haya lililo na mbwa chini ya meza. Ndiyo maana darasa liliacha kucheka: neno lilibadilika, na mtu aliyesemwa alibadilika.

"Machachari" liko karibu zaidi, nakiri. Mtoto machachari hatulii, anagusa hiki na kuvuta kile, anachosha na anapendeza. Lakini hapa wanafunzi walinibana kwa hoja nzuri. Walisema magazeti ya michezo kila wiki humwita mshambuliaji wa kandanda "machachari", naye ni mwanamume mwenye misuli, na hakuna anayeona kuwa ametukanwa. Nililala na hoja hiyo siku mbili. Jibu langu ni kwamba mshambuliaji huitwa hivyo kwa mbio zake na usumbufu wake mbele ya mabeki. Huo ni mchezo, na katika mchezo utundu ni fadhila. Sijasoma mahali ambapo kocha ameitwa machachari, wala mwenyekiti wa chama cha mpira, wala mwamuzi, isipokuwa pale alipokuwa akichekwa. Palipo na uamuzi neno linakimbia. Kwa mtu aliyesimama jukwaani akawaambia watawala waondoke, halifai.

Na hebu tumtazame mtu huyo. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma. TANU ilizaliwa Julai 1954. Mwaka uliofuata yeye akawa kiongozi wa wanawake wake, na kwa njia ya vikundi vile vile vya ngoma aliwaingiza chamani wanawake wapatao 5,000 katika muda wa miezi michache. Alisafiri majimboni, akahutubia wanaume na wanawake pamoja, katika zama ambazo mwanamke wa Kiislamu wa mjini hakutazamiwa kuonekana jukwaani. Silaha yake ilikuwa Kiswahili chake. Baada ya uhuru aliingia serikalini. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge Rufiji. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alijiuzulu katika uongozi wa chama. Mwaka 1970 akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Aliaga dunia mwaka 2000.

Sihukumu hapa kesi ile. Nalisema jambo moja tu. Serikali haimshtaki kijibwa kwa uhaini. Kijibwa hupigwa teke au hupapaswa kichwa. Wakoloni hawakuona kuwa bibi huyu anachekesha, na hao waliomhukumu baadaye hawakuona hivyo pia. Wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, walimkiri kuwa ni mtu mzito. Anakuja mwandishi wa mbali, aliyeketi salama baada ya yote, na kwa neno moja la kupendeza anampokonya uzito ambao hata maadui zake walimwachia. Na mfasiri wetu anamshikia kalamu!

Nina neno la pembeni. Bibi Titi alikuwa Mwislamu wa pwani. Katika mwambao huu mbwa ni mnyama ambaye mate yake huoshwa mara saba, na kumtaja mtu pamoja naye ni tusi lisilosahaulika harusini wala mazikoni. Simtwishi mwandishi wa Kiingereza tusi hilo, kwa kuwa hakulikusudia, na nimekwisha kusema asili si hukumu. Natoa taarifa tu kwa wale wanaopendekeza tulikope neno zima zima tuseme "fisti", kama pendekezo nililolisikia juzi kwa masikio yangu. Pengine watapenda kujua wanachokopa.

Hajaandikwa yeye peke yake. Wangari Maathai aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akapinga mwaka 1989 jengo refu la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, na jengo lisijengwe. Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Wote hao ni watu ambao sifa hii huwangojea mlangoni kila wanapoandikwa kwa Kiingereza. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad kitabu kizima, naye hakuona haja ya kumtafutia Siti udogo ili apate kumsifu.

Kuna hoja moja ya wenzangu ninayoiheshimu. Wapo wanawake, hasa Marekani, wanaojiita wenyewe kwa neno hili, na wanalivaa kama nishani. Basi mimi ni nani hata niwavue? Sitawavua. Mtu ana ruhusa ya kujiita atakavyo, na yaliyokuwa matusi mengi yamepata heshima kwa kuvaliwa na waliotukanwa. Lakini ruhusa hiyo haihamishiki. Kwa kuwa jirani yangu hujiita "kizee" akitaka kuchekesha wajukuu, sipati haki ya kumwandikia barua nikimwita "kizee kipenzi". Bibi Titi hakujiita hivyo, wala hakuulizwa.

Wala nisije nikafikiriwa kuwa naipaka lugha yetu mafuta. Sisi tunapotaka kumsifu mwanamke asiyetishika twasema "jike dume", na tunadhani tumemtukuza. Maneno yote mawili yametoka zizini. Tena sifa yenyewe yasema kuwa ushupavu ni mali ya dume, na huyu jike ameuazima. Akiurudisha atabaki jike. Mwingereza humsifu mwanamke kwa kumpunguza. Sisi humsifu kwa kumbadilisha. Sijui ni lipi baya zaidi, na siku nikipatiwa kurasa nyingine nitaliandikia hilo nalo, maana lina watetezi wengi katika mabaraza ya kahawa, na baadhi yao ni mashangazi zangu.

Ataulizwa mfasiri afanye nini. Nami nasema, aulize kwanza swali hili: mwandishi angelisema neno hili juu ya mwanamume wa cheo kile kile? Akijiridhisha kuwa angelisema, basi neno kwake limekwisha kupoteza udogo, na "shupavu" litatosha. Akijiridhisha kuwa asingelisema, basi asimfichie siri. Aandike dharau kwa ngeli ya dharau, na msomaji wa Kiswahili aione. Na anayetunga kitabu chake mwenyewe, asiyefasiri cha mtu, hana udhuru wowote. Maneno manne niliyoyataja hapo juu yanamngoja, na kama hayamtoshi, matendo ya mtu yapo.

Nina haki ya kuwa mkali katika jambo hili kwa kuwa kosa nalijua kutoka ndani. Miaka mingi iliyopita nilifasiri kijitabu kimoja kwa malipo, na humo alikuwamo mwanamke mzee aliyewakatalia wapima ardhi wasipite shambani kwake. Neno hilo hilo lilikuwapo. Niliandika "shupavu", nikalipwa, nikalala usingizi mwema. Mwandishi alikuwa amemcheka bibi yule. Wasomaji wangu wa Kiswahili hawakupata kujua kamwe kuwa amechekwa, na baadhi yao walinipongeza kwa heshima niliyompa.

Yule mwanafunzi alirudi wiki iliyofuata na fasiri mpya. Alisimama, akasoma kwa sauti isiyotetemeka: "Kimwanamke kikali cha Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed". Safari hii darasa halikucheka. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainuka kwa hasira akauliza ni nani aliyethubutu kumwita Bibi Titi hivyo, naye akaonyeshwa jina la mwandishi juu ya ukurasa.